Swali la Mlangoni

Mke wa mwanangu alikuwa na sheria moja iliyonikera tangu siku ya kwanza: huingii darasani kwake bila swali. Anasimama kwenye mlango wa kile chumba walichompa hospitalini kwetu, ambacho zamani kilikuwa stoo ya magongo na viti vya magurudumu, anakutazama kwa upole, kisha anasema, "Swali la leo?" Ukisema huna, anakuomba usimame pembeni ufikirie, na wenzako wanakupita wakichekea tumboni.

Mimi nimekuwa mkunga tangu yeye hajazaliwa. Wodi ya wazazi ni yangu. Wauguzi wananiita Radi, na wanadhani sijui. Sauti yangu inayojulikana mpaka jikoni ni moja: "Kondo bado, msiondoke!" Naipiga kila mtoto anapozaliwa na kondo la nyuma halijatoka, maana hapo ndipo watu huanza kucheka na kupongezana na kumsahau mama. Kwangu mimi mwanafunzi akiuliza swali wakati mama anasukuma, namwambia afunge mdomo afungue macho. Leo hii nisimamishwe mlangoni na binti aliyeingia kwenye ukoo wangu juzi tu, tena mkimya kiasi kwamba siku ya harusi nilimuuliza mwanangu kama bibi harusi anaumwa.

Lakini sikuwa na pa kukimbilia. Metroni, mkuu wetu wa wauguzi, alitukusanya akatutangazia kwamba mafaili ya karatasi yanakufa. Kila muuguzi atafundishwa kompyuta, atafanya mtihani, na atakayeshindwa mara mbili atahamishiwa stoo ya mashuka mpaka astaafu. Mashuka sina ugomvi nayo. Ila shuka halilii likizaliwa, na mimi kilio hicho ndicho kinachoniamsha asubuhi na kunivalisha viatu. Hospitali ikaita kampuni, kampuni ikaleta mwalimu, na mwalimu akawa mkamwana wangu. Dunia hii ina mzaha.

Siku ya kwanza swali langu lilikuwa la uchokozi. Nilimuuliza, "Hiyo kompyuta yako inanijua mimi ni nani?"

"Haikujui, Sista," alinijibu. Nyumbani ananiita Mama. Darasani niligeuka Sista kama wengine. "Inajua jina lako la kuingilia na neno lako la siri, basi. Mtu mwingine akiyapata hayo mawili, kwa kompyuta huyo ndiye wewe. Akimwandikia mgonjwa dawa, umeandika wewe."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu neno langu la siri nilikuwa nimeliandika kwenye plasta na kuibandika nyuma ya kitambulisho, mahali ambapo upepo ukivuma kila mtu anasoma. Nilipotoka nilienda chooni nikaibandua.

Basi tukaendelea hivyo. Kulikuwa na muuguzi wa wodi ya wanaume, tunamwita Bonge, mtu wa utani mpaka kwenye chumba cha maiti. Yeye aliuliza, "Mwalimu, kila kompyuta ikigoma mnatuambia tuizime tuiwashe. Huo si uganga huo?"

"Si uganga. Ndani ya kompyuta kuna programu nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja. Wakati mwingine moja inakwama, inang'ang'ania ilichoshika na kuwazuia wenzake. Ukizima, zote zinaachia. Ukiwasha, zinaanza upya kwa mpangilio."

"Kumbe kama mke wangu," akasema Bonge. "Akinuna nazima taa, asubuhi anaanza upya."

Karani wa mapokezi, mama mtu mzima mwenye miwani inayoshuka puani, aliuliza kuhusu lile wingu ambalo kila mtu anasema mafaili yanawekwa huko. Mvua ikinyesha je? Tulicheka mpaka viti vikalia. Mkamwana wangu hakucheka. Alisubiri tunyamaze, akamgeukia yule mama kana kwamba ameuliza jambo zito kuliko yote.

"Wingu ni jina tu, Mama. Ni kompyuta kubwa za watu wengine, ziko kwenye jengo fulani, juu ya ardhi hii hii. Zetu zinaongea nazo kupitia intaneti. Kwa hiyo kila ukisikia wingu, uliza: jengo hilo ni la nani, na ufunguo anao nani?"

Karani alipandisha miwani yake akakaa wima. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni.

Nilianza kumtazama mkamwana wangu kwa jicho la wizi. Hakuwahi kumcheka muulizaji. Hakuwahi kujibu zaidi ya alichoulizwa, akamzamisha mtu kwenye maneno. Asichokijua alisema, "Hilo sijui, kesho nitakuja nalo," na kesho yake alikuja nalo kweli. Wakati wa chakula sisi tulikimbilia kantini, yeye akabaki na yule ambaye kidole chake kilikuwa kimegoma, na hotipoti yake ikakaa dirishani bila kufunguliwa. Nilikuwa naiona kila nikipita. Nikasema moyoni, atajijua mwenyewe, mtu mzima hafundishwi kula. Kidogo nilimlaumu pia, maana mwanangu naye alikuwa amekonda, na mama mkwe akitafuta sababu hakosi.

Ukweli ni kwamba nilijifunza. Ng'ombe hazeeki maini. Kipanya kilinisumbua mwanzoni, kilikuwa kinakimbia kama kipanya kweli, lakini nilikitia adabu. Kibodi nilidonoa kwa vidole viwili kama kuku kwenye mtama, na herufi zilikuja. Siku ya mtihani niliingia nikiwa nimepiga pasi sare yangu mpaka mikunjo ikakata.

Mtihani ulikuwa hivi. Kila mmoja amekaa mbele ya kompyuta ya mezani, zile zisizo na betri. Mwalimu anasoma habari za mgonjwa wa kubuni, jambo moja baada ya jingine, kama vile linatokea sasa hivi, na sisi tunaandika kwenye faili lake. Mimi nilipewa mama wa kujifungua. Mama ameingia, uchungu umeanza alfajiri. Njia imefunguka vizuri. Mapigo ya mtoto mazuri. Mtoto ametoka, wa kike, amelia hapo hapo. Yote niliyaandika, kila kitu mahali pake. Kisha nikaweka mikono mapajani nikamsubiri aendelee.

Nilimwona akipita nyuma ya viti, taratibu. Alipofika kwangu aliinama akachomoa waya ukutani.

Skrini ikawa nyeusi. Alifanya hivyo kwa kila mtu, mmoja baada ya mwingine, kisha akazirudisha nyaya na kutuambia tuwashe tufungue mafaili yetu. La Bonge lilikuwepo lote. La karani lilikuwepo, na makosa yake ya herufi yote. Mimi nilifungua faili la yule mama niliyepewa nikakuta jina tu, na chini yake weupe mtupu. Uchungu hakuna, mtoto hakuna, kilio hakuna.

Alisimama pembeni yangu akatazama. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Sista, utarudia."

Mbele ya Bonge! Mbele ya wasichana ambao mimi ndiye niliyewafundisha kushika mkasi! Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa yanapiga ngoma. Niliondoka bila kuaga, na jioni mwanangu alipokuja nyumbani kunituliza nilimpokea kwa maneno mlangoni.

"Mkeo amenivua nguo hadharani."

"Mama, ile ni kazi yake."

"Kazi yake kunichomolea waya? Angenikonyeza tu kwa jicho, ningeelewa. Mimi ni mkwewe au jirani?"

Mwanangu akajikuna kichwa. Ni fundi wa mabomba, akishikwa na jambo zito anajikuna kana kwamba anatafuta panapovuja. "Mama, tangu arudi hajala. Kaa naye muongee."

"Aje yeye."

Hakuja. Nilinuna, na kununa kwangu si kwa mchezo, hata paka alihama jikoni. Lakini usiku haukunipa usingizi. Kila nikifumba macho naliona lile faili jeupe. Nikawaza, je, angekuwa mama wa kweli? Muuguzi wa zamu inayofuata angefungua, asikute lolote, angejuaje kama mama yule ameshachomwa sindano au bado? Nilijigeuza nikamlaani mkamwana wangu, nikajigeuza tena nikaona sina cha kumlaani.

Asubuhi nikapiga moyo konde. Nilikwenda mapema, kabla ya wengine. Alikuwa mlangoni.

"Swali la leo?" aliniuliza, na nikaona amerudi hatua moja nyuma. Kumbe alikuwa ananiogopa.

"Swali langu ni hili. Kwa nini hukunipitisha?"

"Mama," akasema, na si Sista, "nikikupitisha wewe kwa sababu ni mama mkwe wangu, kesho nitakuwa na sababu ya kumpitisha na mwingine. Halafu siku moja umeme utakatika, na kutakuwa na mtu kitandani."

Nikajiona nimesimama wodini miaka hiyo, binti wa rafiki yangu akinililia nimsainie kwamba anaweza kuzalisha peke yake, na mimi nikimwambia rudia. Rafiki yule alinikasirikia muda mrefu. Sikuwahi kujuta hata kidogo. Nikamtazama yule binti mwembamba mlangoni, na hasira yangu ikakosa pa kushika.

"Sasa na mimi nina swali," akasema. "Nimesema kila siku, hifadhi, hifadhi, hifadhi kila baada ya mistari michache. Wewe husahau kitu. Kwa nini hukuhifadhi?"

"Kondo lilikuwa bado."

Nilisema hivyo tu, kama mtu anavyosema jua linawaka. Kwangu lilikuwa jibu lililojitosheleza. Yeye akavuta kiti, akanipa, akavuta kingine akakaa mbele yangu. "Nieleze."

Nikamweleza. Mkunga aliyenifundisha alikuwa na miiko yake, na mkubwa kuliko yote ulikuwa huu: kuzaa hakuandikwi kabla kondo la nyuma halijatoka. Mtoto akishatoka, unaweza kumpangusa, kumfunika, kumpa mama yake, lakini kalamu huigusi. Kwa nini? Kwa sababu maandishi yanaondoa watu. Nilipokuwa mwanafunzi niliona kwa macho yangu. Muuguzi mmoja aliandika upesi "amejifungua salama", zamu ikabadilika, waliokuja wakasoma wakaenda kitanda kingine, na mama akabaki anavuja damu kimya kimya chini ya shuka jeupe. Alipona kwa rehema tu. Tangu siku hiyo mkono wangu haukubali. Na pale kwenye kompyuta yake, ukibonyeza Hifadhi, faili linageuka kijani na kuandika "Amejifungua". Ningebonyezaje?

Alinisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza hakusema "lakini". Alinyoosha mikono yake miwili, viganja juu.

"Mama, unapoandika kabla hujahifadhi, maneno yako yako hapa, mikononi mwa kompyuta. Tunaita kumbukumbu ya muda. Ni nyepesi, ni ya haraka, inakuwezesha kufanya kazi. Lakini mikono hiyo inapata nguvu kwa umeme. Umeme ukikatika, mikono inaachia, na chochote kilichokuwa juu yake kinaanguka. Kuhifadhi ni kukilaza kitandani, kwenye diski. Diski haihitaji umeme ili ikumbuke. Wewe mtoto akishatoka, unakaa naye mikononi mpaka kondo litoke?"

"Thubutu! Namlaza pa joto, kifuani kwa mama yake. Mikono yangu ina kazi."

"Basi na maneno yalaze."

Eh. Nimefundishwa na wengi maishani, wengine kwa fimbo, na sijui kama kuna aliyewahi kunifikisha mahali kwa njia fupi hivyo. Mtu hajawahi hata kuingia chumba cha kujifungulia, ameketi akanisikiliza mara moja, kisha akanirudishia kazi yake kwa lugha ya mikono yangu. Kama si haya ningempigia makofi.

Ila uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa anatazama ile kompyuta kama mimi ninavyomtazama mama ambaye rangi yake siipendi. "Lakini na wewe una haki," akasema polepole. "Hapa tumefanya kuhifadhi na kumaliza viwe kitu kimoja. Hilo kosa ni letu."

Siku zilizofuata sikumwona akitulia. Akimaliza darasa anatoka kwenye korido na simu sikioni, anaongea na wale wanaotengeneza programu. Siku moja nilikuwa napita na trei ya vifaa nikasikia sauti kali nyuma ya kona. Nikadhani ni metroni.

"Hapana. Sikilizeni, hapana. Sisemi rangi, nasema kuna mama kitandani. Kilichoandikwa kihifadhiwe hata kama kazi haijaisha, na mtu yeyote akifungua aone haijaisha. Msipobadilisha, sifundishi wodi ile, na nitamwambia metroni kwa nini sifundishi."

Nilisimama pale na trei yangu. Huyu ndiye bibi harusi niliyedhani anaumwa? Nilikuwa naisikia sauti yangu mwenyewe, ile ya Radi, ikitoka kwa mtu ambaye hakutoka tumboni mwangu. Nilijisikia fahari, na nikaondoka kwa kunyata asije akajua nimesikia.

Siku ya kurudia mtihani nilikuwa mtahiniwa peke yangu, lakini chumba kilijaa. Bonge alikuja na wenzake wakajipanga ukutani, eti wanakuja kunipa moyo. Metroni naye akaingia akasimama karibu na mlango, mikono nyuma. Nilikuwa nimeota mashuka, marundo na marundo, yote kimya.

Akaanza kusoma. Mama ameingia. Njia imefunguka. Nikaandika, nikahifadhi. Mapigo ya mtoto. Nikahifadhi. Mtoto ametoka, wa kiume, amelia. Kidole changu kikasimama hewani juu ya kitufe. Miaka yote ile ilikuwa imekishika kidole kile, nasema kweli, kama mtu anayevutwa sare yake kwa nyuma. Nikamtazama mkamwana wangu. Hakunikonyeza. Alisubiri tu.

Nikabonyeza.

Kisha, kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa, sikungoja aje nyuma yangu kwa kunyemelea. Nilisukuma kiti, nikainama na mgongo wangu huu unaolia kama mlango, nikaushika waya nikauchomoa mwenyewe. Skrini ikafa. Bonge akapiga yowe. Nikasimama nimefunga mikono kifuani, nikimtazama mwalimu wangu machoni.

"Haya," nikasema. "Umeme umekatika."

Hata metroni alicheka. Mkamwana wangu akaurudisha waya, akawasha, na tukangoja ile mashine iamke kwa uvivu wake. Nikaingiza jina langu na neno langu la siri, ambalo sasa lilikuwa kichwani tu, nikafungua faili. Lilikuwepo lote. Uchungu, mapigo, mtoto wa kiume, kilio. Halikuwa la kijani. Juu yake, kutoka ukingo huu wa skrini mpaka ule, kulikuwa na mstari wa njano ambao haukuwepo zamani, na ndani ya mstari maneno meusi, makubwa, ambayo hata karani angeyasoma bila miwani:

KONDO BADO. MSIONDOKE.

Nilisoma mara ya kwanza nikadhani macho yananichezea. Nikasoma tena.

"Itakuwa hivyo kwenye kila kompyuta ya wodi ya wazazi," mkamwana wangu alimweleza metroni. "Na hospitali zote zinazotumia programu hii. Mstari hauondoki mpaka mkunga aandike kwamba kondo limetoka. Maneno si yangu. Niliwaambia waandike kama yalivyo."

Nitastaafu, na baadaye nitazikwa. Kwenye hospitali nisizozijua, mabinti nisiowafundisha watakuwa wamechoka, wanataka kwenda kitanda kingine, na mimi nitakuwa bado nawapigia kelele. Niliwaza hivyo na machozi yakanitoka mbele ya Bonge, na sikujali. Yeye mwenyewe alikuwa anapangusa pua. Metroni aliniambia nirudi wodini, kuna mama anakaribia.

Asubuhi iliyofuata sikuwa tena mwanafunzi, na sikuwa na sababu ya kwenda kwenye chumba kile. Nilikwenda. Alikuwa mlangoni akipokea kundi jipya, wapishi na walinzi safari hii, na watu walikuwa wamejipanga. Nilisimama kwenye foleni kama wengine. Zamu yangu ilipofika akashangaa, kisha akatabasamu kidogo, lile tabasamu lake la kubana.

"Mama, wewe umeshamaliza. Una swali?"

"Ninalo," nikasema, nikatoa kwenye mkoba hotipoti niliyoipakia mwenyewe alfajiri, ingali moto, nikamwekea mikononi. "Mwanangu, umekula?"